Madirisha ya Gari la Mpishi

Ilikuwa saa nne kasoro dakika saba asubuhi, siku ya Jumanne, nilipolisikia gari la Mzee Ramadhani kabla sijaliona. Saa hiyo naijua kwa sababu niliiandika. Tangu nianze ufundi nilikuwa na daftari, na kila gari lililoingia kwenye kibanda changu pale Shinyanga, upande wa pili wa reli, lilipata mstari wake: limeingia saa ngapi, linalalamika nini, limetoka saa ngapi, na bado linalalamika nini. Mafundi wenzangu waliicheka sana hiyo safu ya nne. Kumbe ndiyo iliyonifundisha kazi.

Ninyi mnaoshika spana leo, magari yenu yana vioo vinavyopanda kwa kubonyeza kidole, na kikigoma mnabadilisha mashine nzima kabla chai haijapoa. Siwalaumu. Lakini nataka niwasimulie juu ya vioo viwili vilivyonichukua siku kumi na mbili. Nimefanya kazi hii miaka zaidi ya thelathini, na sikumbuki injini yoyote kama ninavyovikumbuka vioo vile.

Basi, nililisikia gari likija kama punda aliyebeba gunia la chupa tupu. Likajitokeza kwenye kona: gari la michezo la Kiingereza, la viti viwili, kijani kilichopauka, refu puani na fupi miguuni. Watu wa mjini walilibatiza jina la Kenge, kwa jinsi lilivyotambaa. Nyuma ya usukani alikuwa mzee mwembamba aliyevaa kofia ya pama. Alikuwa mtu wa Pangani, amepika miaka thelathini katika nyumba za wazungu kule kwenye mgodi wa almasi, na mhandisi wake wa mwisho alipoondoka nchini alimwachia gari hilo badala ya kiinua mgongo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Maduhu?"

"Ndiye mimi."

"Nimeambiwa una masikio. Mafundi wenye mikono nimeshawaona wawili, wamenimalizia hela."

Mlango wa kushoto ukafunguka, akashuka mkewe, Bi Tausi. Alikuwa amejifunika khanga puani, na pale inapokutana na pumzi khanga ilikuwa imegeuka rangi ya udongo. Nikamwamkia. "Shikamoo, mama."

"Mar..." Akainua kidole kuniomba nisubiri. Akakohoa, akaegemea gari, akakohoa tena. Kisha akamalizia, "...haba, mwanangu."

Alikuwa na pumu. Daktari alimwambia kwamba adui yake ni vumbi, na Shinyanga wakati wa kiangazi si mahali pa kumkimbia adui huyo. Dada yake alikuwa ameolewa Nkome, ufukweni mwa ziwa. Kila akikaa kule wiki mbili, alipumua kama msichana, hata akasaidia kugeuza dagaa juani. Shida ilikuwa njia. Basi la abiria walilijaribu mara moja tu, akateremshwa Geita amebebwa. Ndani ya Kenge nako vioo vililegea, vikaacha nafasi ya kupitisha kidole, na barabara yote iliingia mapajani mwake. Walitaka kusafiri Jumapili ya wiki iliyofuata. Safari ile ile ya kumponya ndiyo ingeweza kummaliza.

"Na jambo jingine," alisema Mzee Ramadhani kwa sauti ya chini, mkewe akiwa ameenda kukaa kivulini. "Kelele hizi. Nikiendesha macho yangu yako barabarani, simwoni. Ningekuwa namsikia anavyovuta pumzi, ningejua lini nisimame. Simsikii."

Hiyo ndiyo kazi niliyopewa, vijana. Vioo ilikuwa njia tu ya kuifikia.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana nimekuja kuwapa makosa kuliko sifa. Mimi ni Msukuma, nimekulia zizini. Kwetu ngozi ndiyo jibu la kila kitu. Mpini umepasuka, uvishe ngozi mbichi. Kitanda kimelegea, kiwambe kwa kamba za ngozi. Nikaona mifereji ambamo kioo hupanda na kushuka imekwisha bitana yake, nikajisemea, hapa panataka ngozi. Nikakata vipande vyembamba vya ngozi ya ndama, nikavilainisha kwa samli kama mama alivyolainisha ngozi za kulalia, nikavichomeka kwa bisibisi kutoka juu, bila kufungua mlango. Kufungua mlango ni kazi ya nusu siku, na mimi nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Nikautikisa mlango wa kulia, kimya. Nikautikisa wa kushoto, karibu kimya. Mlikuwa na mlio mmoja mwembamba huko ndani, uliosikika gari likifunga breki tu: *cheng*. Kwenye safu ya nne nikaandika, "Mlio mwembamba, mlango wa kushoto, akifunga breki." Kisha nikafunga daftari na kuwaaga. Kuandika tatizo si kulitengeneza, ingawa mkono ukishaandika, moyo hujiona umefanya kazi.

Jumatatu Kenge alirudi na mbwa watano nyuma yake.

Jua lilikuwa limeyeyusha samli yote. Ilichirizika milangoni, vumbi likanata juu yake kama unga kwenye andazi, na gari likisimama sokoni mbwa walilizunguka na kulilamba. Sisimizi walikuwa wameshahamia kwenye viti. Ngozi nayo, baada ya kuishiwa mafuta, ilikauka ikakibana kioo cha kushoto kikiwa wazi sehemu ya tatu, hakipandi wala hakishuki. Kilikuwa kimekwama hivyo wakiwa njiani kutoka Maganzo, jirani na mgodi, walikokwenda kumzika jamaa yao. Bi Tausi alikuwa ameegemeza kichwa pembeni, macho mekundu, lakini aliponiona hakuacha kunipa haki yangu.

"Mume wangu amepika miaka thelathini," alisema, kila maneno matatu yakikatwa na pumzi, "hajawahi kukaanga gari. Wewe umeweza."

Nilitamani ardhi inimeze. Hapo hapo pikapu ilisimama nyuma ya mbwa, akashuka mwanamume mnene mwenye koti katika joto lile. Alikuwa Masanja, mnunuzi wa mawe ya almasi wa Maganzo. Aliwafuata kutoka huko huko.

"Mwangaluka, bhabha," alinisalimu Kisukuma, kisha akamgeukia mzee. "Shikamoo, mzee wangu. Hilo kenge lako nalitaka."

"Haliuzwi."

"Sijataja bei."

"Nami sijabadilisha jibu."

"Elfu tisa."

Hata mbwa nadhani walinyamaza. Gari lile, kwa mtu mwenye akili timamu, halikuzidi elfu tatu. Elfu tisa siku zile ilikuwa nyumba ya bati ya vyumba vitatu, na inabaki ya kununulia ng'ombe. Ilikuwa nyumba Nkome, kando ya ziwa, bila safari nyingine ya vumbi maishani. Nilimwona Bi Tausi akiinua kichwa.

"Lakini liwe hivi hivi lilivyo," Masanja aliendelea. "Lisiguswe. Fundi asifungue hata skrubu moja. Jumamosi nakuja na fedha mkononi."

Ilibidi nielezwe baadaye, maana mimi sikuwa mtu wa Maganzo. Kule kulikuwa na uvumi wa miaka kwamba mzungu mwenye gari lile alificha almasi ndani ya mlango, akashindwa kuzitoa kabla ya kuondoka. Wachimbaji walilisikia Kenge likipita na kusema, "Mali hiyo inapita." Sasa Masanja alikuwa ameona kioo kimebana kabisa, hakitikisiki, na bado mlango unalia *cheng*. Kwa hiyo kinacholia si kioo. Kwa hiyo ni jiwe. Ukitazama vizuri, aliutafuta ukweli kwa utaratibu kuliko mimi. Alikosea hatua ya mwisho tu.

Akanivuta pembeni, akanitia noti kwenye mfuko wa shati. "Hii ya soda."

Nikachungulia. "Soda gani ya shilingi mia?"

"Soda ya kukaa kimya. Hiyo sauti ndiyo mali, fundi. Ukiinyamazisha umeniua."

Sitawaficha: sikuirudisha pale pale. Nililala nayo usiku mmoja, nikaiona nzuri.

Kesho yake nilikwenda kwa Fundi Shabani. Huyo alikuwa seremala mstaafu wa mabehewa ya reli, mtu wa Tabora, aliyekuwa akitengeneza makabati nyumbani kwake ili mikono isisahau. Sikuwahi kuwa mwanafunzi wake rasmi. Nilikuwa na mazoea ya kwenda kumsumbua tu. Nilipomweleza habari ya samli na mbwa alicheka mpaka chai ikammwagikia.

"Ulikikaza kioo?"

"Nilikikaza."

"Dirisha halikazwi, mwanangu. Dirisha linaongozwa. Ukilikaza, litakulipiza kisasi." Akaniambia kuhusu madirisha ya mabehewa, yale yanayoshuka ndani ya ukuta. Yanasafiri kutoka mvua hadi ukame kwa siku moja, na lazima ajuza aweze kuyashusha kwa mkono mmoja, na usiku yasimwamshe abiria. "Ngozi haifai, kwa sababu ngozi haijasahau kwamba ilikuwa ng'ombe. Ikiona maji inakunywa, ikiona jua inajikunja. Tafuta sufu iliyoshindiliwa, nene, ile wanayotengenezea kofia za pama. Hiyo hailewi wala haikasiriki. Mlango uliufungua?"

"Hapana."

"Basi hukutengeneza. Uliziba. Anza na mlango, kisha fremu, kisha kioo."

Nikamweleza pia habari ya Masanja na ile mia. Akapiga randa ubao mara mbili tatu.

"Hilo si la useremala," alisema mwishowe. "Ila wewe una daftari. Ukifunika kitu usichokijua, utaandika nini kwenye ile safu yako ya nne?"

Jumatano asubuhi nilikwenda nyumbani kwa Mzee Ramadhani na ile noti mkononi. Nikaiweka mezani mbele yao wote wawili, nikasema imetoka wapi na ni ya nini. Nikasema pia kwamba gari ni lao, na uamuzi ni wao. Nikifungua mlango, elfu tisa huenda ikaondoka.

Bi Tausi ndiye aliyeanza. "Sitasema uongo, Ramadhani. Nalitaka ziwa. Nikipewa nyumba Nkome leo, siulizi mara mbili."

Mzee alikaa akikizungusha kikombe. "Ndani ya mlango ule kama kuna kitu, si changu," alisema. "Na kama hakuna, namuuzia mtu kifuniko. Mke wangu, nimepika miaka thelathini. Sijawahi kumwekea mtu sahani iliyofunikwa na chini yake hamna kitu."

Tulisikia garimoshi likiingia stesheni, likatulia. Bi Tausi alikuwa akimtazama mumewe vile watu wanavyotazama kitu walichokizoea wanapogundua bado ni kizuri.

"Basi fungua, Maduhu," alisema. "Nimekula chakula chake umri wote huu, siwezi kuanza kukitilia shaka leo."

Nikafungua pale pale uani kwao. Nilitoa mkono wa kuzungushia kioo, nikatoa kava la mlango, kila skrubu nikiiweka ndani ya sufuria kwa mpangilio wa kutoka kwake. Fanyeni hivyo nanyi, maana skrubu inajua tundu lake kuliko mnavyolijua ninyi. Kisha nikaingiza mkono chini ya mlango, gizani, mpaka kwenye kiwiko. Mimi niliyekwenda pale na maneno mazuri ya uaminifu, vidole vyangu vilikuwa vinatafuta almasi.

Nikatoa vumbi, vikombe viwili. Nikatoa kiota cha nyigu wa udongo. Nikatoa nati tatu na boliti ya mashine ya kioo, ambayo ndiyo iliyofanya kioo kiyumbe. Mwisho, kwenye pembe kabisa, nikashika kitu chembamba, baridi. Nikakitoa juani.

Kilikuwa kijiko. Kijiko kidogo cha chumvi, kifupi kuliko kidole changu, cheusi kwa kukaa gizani. Nilikisugua kwa kidole gumba, ikaonekana fedha.

Nilitaka kucheka. Nikamtazama Mzee Ramadhani, kicheko kikaishia njiani. Alikuwa amekaa chini, pale pale kwenye mchanga, na nguo zake safi.

"Kipo kingine kama hicho," alisema. "Vilikuwa viwili."

Akatueleza polepole. Mtoto wa yule mhandisi, wa miaka mitatu, alikuwa na mchezo wa kusimama kwenye kiti cha gari na kutumbukiza vitu kwenye ufa wa kioo: kalamu, biskuti, chochote. Kijiko kimoja cha chumvi kilipotea. Waliulizwa watumishi wote, lakini aliyeshika funguo za kabati alikuwa mpishi. Hakufukuzwa. Alikatwa shilingi kumi na mbili kwenye mshahara wake, na kuanzia hapo kila Jumamosi, miaka kumi na moja, vijiko vilihesabiwa mbele yake na mbele ya watumishi wote, kimoja kimoja, kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.

"Siku ya kuondoka aliniachia gari," alisema. "Akanivisha na kofia hii kwa mkono wake. Neno la kijiko hakuniachia."

Na muda wote huo kijiko kilikuwa mlangoni kikimpigia kelele, hakuna aliyekisikia.

Bi Tausi alikuwa amekuja, akachuchumaa mbele ya mumewe. Alikichukua kile kijiko kiganjani mwangu.

"Nami nilikuuliza," alisema. "Siku ile uliyorudi umekatwa. Nilikuuliza kama ulikichukua."

"Uliniuliza."

"Mara moja tu."

"Mara moja," Mzee alikubali. Hapakuwa na hasira katika sauti yake, wala hakumpunguzia.

Bi Tausi akakifuta kwa khanga yake, mbele na nyuma, akakifunga kwenye pindo anapofunga fedha zake, akalikaza fundo kwa meno. Kisha akamshika mumewe mkono, wakasaidiana kuinuka. Mimi nilijifanya natafuta bisibisi.

Sasa tufanye kazi, maana mchana ule tulifanya kazi kweli. Kwanza mlango, kisha fremu, kisha kioo, kama alivyosema Shabani. Niliuinua mlango kwa mikono ukiwa wazi nusu, ukapanda na kushuka: bawaba zimekwisha. Kioo hakiwezi kukaa sawa ndani ya mlango unaoinama, ni sawa na kumlaumu mtoto kwa kumwaga uji wakati meza ina miguu mitatu. Nikaweka pini mpya za bawaba na vipande vya bati nyuma yake mpaka ufa wa mlango ukawa sawa juu na chini. Kisha nikazilegeza boliti za mifereji, nikapandisha kioo mpaka juu kabisa, nikaiacha mifereji ijipange yenyewe kukifuata kioo, ndipo nikakaza. Wiki iliyotangulia ningefanya kinyume, ningekilazimisha kioo kiufuate mfereji.

Ikabaki bitana. Dukani hapakuwa na sufu ya namna ile, wala Mwanza nilikoulizia kwa simu ya stesheni. Niliwaeleza maneno ya Shabani, nikawa nawaza kukata blanketi, ndipo Mzee Ramadhani akavua kofia yake.

"Fundi Shabani alisema nini? Sufu ya kofia ya pama?"

"Mzee, siwezi kuikata hiyo."

"Huwezi. Tausi, nipe mkasi." Akakata mwenyewe mkato wa kwanza, kuanzia ukingoni, akazungusha mkasi kama anayemenya chungwa bila kukata ganda, mpaka kofia yote ikawa utepe mmoja mrefu. Mikono ya mpishi hiyo. Bi Tausi akaulowesha, akaunyoosha kwa pasi ya mkaa. Tukaubandika kwa gundi ya fundi viatu, ukatosha milango yote miwili, ukabaki urefu wa kiganja. Badala ya samli nilichonga risasi ya penseli ikawa unga laini, nikausugua kwenye utepe. Unga huo hauliwi na sisimizi wala haulambwi na mbwa.

Kupima ni hivi, na hata kwenye magari yenu ya leo kunafaa. Chukua kipande cha gazeti, kiweke kati ya kioo na raba, funga kioo, vuta. Likitoka bila kushikwa, bado. Likichanika, umekaza mno. Likitoka kwa kulalamika kidogo, hapo ndipo. Nilipima mahali sita kila mlango. Pawili palichanika, nikafungua tena. Nilimaliza Alhamisi alasiri.

Ijumaa, baada ya swala ya mchana, Mzee aliniomba nipande naye kusikiliza. Gari ni la watu wawili, kwa hiyo Bi Tausi alikaa kitini kwake, nami nikajikunja nyuma pale pa kuwekea mizigo, magoti masikioni. Tukachukua njia ya vumbi kuelekea nje ya mji. Lori la pamba lilitupita likatuachia wingu zima, jekundu, hata pua ya Kenge haikuonekana. Likapita. Ndani hamkuingia kitu. Bi Tausi alishusha khanga kutoka usoni mwake, akaikunja mapajani.

Maili tatu mbele alikuwa amelala. Mzee alipunguza mwendo. Nilidhani amesikia kasoro, nikatega sikio kwenye mlango, sikusikia chochote.

"Mzee, kuna mlio?"

"Upo," alisema. "Nyamaza uusikie."

Nikanyamaza. Ilikuwa pumzi yake. Ilikuwa na mluzi kidogo mwishoni, lakini ilikwenda na kurudi, ikaenda na kurudi. Mzee aliendesha hivyo, mwendo wa baiskeli, mpaka tulipofika nyumbani.

Jumamosi saa tatu Masanja alikuja, koti lile lile, mkoba kwapani. Aliuvuta mlango wa kushoto, akaubamiza. *Dufu.* Akaubamiza tena. Akainama, akaweka sikio kama mganga.

"Fundi," aliniambia bila kuinuka, "umeniua."

"Nilifungua, kaka. Hapakuwa na jiwe."

"Kila mtu husema hapakuwa na jiwe!"

Bi Tausi alifungua pindo la khanga, akamwonyesha kijiko. Masanja alikitazama muda mrefu, akakigeuza, hata akakiuma kwa jino. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu na anaona haya kushukuru.

"Elfu tisa kwa kijiko cha chumvi! Wangeniimba Maganzo mpaka kaburini." Akafuta macho. "Haya, mzee, limekuwa zuri sasa. Elfu mbili na nusu?"

"Haliuzwi," alisema Mzee Ramadhani.

Nikamrudishia mia yake. Aliichukua, akatikisa kichwa, akatuambia tumeitupa nyumba kwa mikono yetu wenyewe, akaondoka.

Jumapili walikwenda Nkome, wakavuka kwa kivuko, wakaipita Geita na vumbi lake lote. Kila mwaka walikwenda mara tatu nne, na kila waliporudi Kenge alipitia kwangu kupimwa kwa gazeti, ingawa mara nyingi sikuona cha kurekebisha. Nadhani walikuja ili niwasalimie. Nilisema, "Shikamoo, mama," naye akajibu, "Marahaba, mwanangu," neno zima kwa pumzi moja, kisha akanitazama kuhakikisha kwamba nimesikia. Aliishi mpaka watoto wangu watatu wakamwamkia.

Lakini nirudi ile Jumamosi, pikapu ya Masanja ilipotokomea. Nilitoa daftari kuufunga mstari wa Kenge. Kwenye safu ya nne nikaandika, "Halilalamiki." Mzee Ramadhani alikuwa akisoma juu ya bega langu.

"Huna mahali pa kuandika hasara?"

Sikuwa napo. Nikapiga mstari kwa rula, nikaongeza safu ya tano.

"Andika elfu tisa," alisema Bi Tausi akicheka, "ili siku moja wajukuu wajue ni nani aliyewanyima nyumba."

"Hapana," alisema mumewe. "Elfu tisa hazikuwa zetu hata siku moja. Andika zile nilizokatwa."

Daftari ninalo mpaka leo. Safu ya tano ina maandishi mahali pamoja tu: shilingi kumi na mbili.